Amino zilinipunguza mwili, fundi akapunguza koti

Wakuu, salaam. Mnisamehe makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Huu uzi nimeuandika kwanza kwenye daftari siku mbili, ndipo nikauhamishia kwenye simu. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni kijana wa Tanga, nipo Joburg, kazi yangu ulinzi. Nilikuwa nalinda yadi ya magari mabovu Jeppestown. Kampuni yetu ina lindo lingine Sandton, mlango wa jengo la ofisi. Unasimama ndani, hakuna baridi wala upepo. Kila mtu analitaka.

Nafasi ilipotoka nikajikaza, nikamwomba msimamizi. Akatazama koti langu la kazi, ambalo kwetu ni saizi moja kwa wote.

"Mdogo wangu, hilo koti limekuvaa wewe. Lijaze, urudi baada ya miezi miwili."

Wenzangu wakacheka. Mimi si muongeaji, nikacheka nao.

Nikaanza gym, mara nne kwa wiki. Nikanunua na kopo la amino, poda ya ladha ya tikiti. Maandishi ya nyuma nilielewa "muscle" tu, yaani misuli.

Hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani ile ndiyo chakula chenyewe. Nikaacha mayai ya asubuhi na pap, ugali wa huku, na maharage ya mchana. Skupu mbili, kile kijiko cha ndani ya kopo, kwenye maji, basi.

Wiki za mwanzo nilifurahi. Tumbo likaisha, mishipa ya mikono ikatokeza. (Kioo cha gym msikiamini, kina taa yake.)

Lakini bench press, kilo hamsini nilizokuwa nasukuma mara nane, ikawa sita, kisha nne. Nikaongeza skupu. Mizani ikasema nimepungua kilo tano. Nikajiambia ni mafuta hayo.

Wiki moja kabla ya kurudi kwa msimamizi nikajaribu koti. Lilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Nikaenda Malvern kwa fundi cherehani mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, tunamwita Papa Kalenga. Nikamwomba alipunguze. Akanipima mkono, akapima tena.

"Mutoto, weye uko mgonjwa?"

"Hapana Papa, napiga gym."

"Gym gani ya kukondesha? Unakula nini?"

Nikamweleza. Akamwita mkewe aliyekuwa anapiga pasi.

"Mama, njoo usikie. Huyu anakunywa juisi, anangojea misuli."

Mama alicheka mpaka akaweka pasi chini. Papa Kalenga yeye hakucheka. Akanionyesha kibobini cha cherehani.

"Ile dawa yako ni uzi tu. Uzi bila kitambaa, utashona nini?"

Koti akalipunguza, ila hakukata kitu. Alikunja kitambaa kwa ndani. "Nimekuachia nafasi. Utakula, utarudi."

Siku ilipofika msimamizi akanizunguka. "Sharp. Sasa umejaa."

Nikapewa mlango wa Sandton. Nilikuwa mwembamba kuliko siku aliyonikataa.

Furaha haikukaa. Kila nikiinua mkono nilihofia mshono ufumuke mbele ya msimamizi. Nikarudia mayai, maharage, samaki wa kopo na pap ya kutosha. Amino zilizobaki nikanywa baada ya mazoezi mpaka zikaisha. Sikununua tena, na sikuona tofauti. Bench ikarudi nane, sasa nasukuma kilo sitini.

Sisemi hazimsaidii mtu. Nasema kwangu hazikuweza kukaa badala ya sahani.

Jumamosi iliyopita nilirudi Malvern, koti linabana kwapani. Papa Kalenga akafumua mshono wa ubavu mmoja, akanivalisha, akauliza kama afumue na wa pili.

Nikamwambia auache kwanza uwe akiba, bado nakula.

Aliyewahi kutumia amino huku anakula vizuri, naomba aniandikie aliona nini. Nasoma polepole, ila nitasoma zote.