Figo za Ami

Ami yangu, ndugu wa baba, hakujua Kiingereza, na daktari wa Kihindi hakujua Kiswahili. Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na kitu nikasimama kati yao katika hospitali moja ya Maskati, nikimtafsiria kila mmoja maneno ya mwenziwe. Kaka yangu alikuwa amepinduka na gari akirudi Al Amerat. Ubongo ulishakufa, mashine tu ndiyo ikimvutisha pumzi. Daktari aliuliza, kwa upole, kama tutaridhia figo zake wapewe wagonjwa.

Jibu nililijua. Kaka mwenyewe alilisema kwangu siku tunakula, mdomo umejaa wali, kwamba akifa kinachofaa kitolewe. Lakini baba yetu alikuwa ameshatangulia, na kwetu msemaji ni mkubwa wa upande wa kuumeni.

"Mwambie hatutaki," alisema ami. "Mtoto wetu hachanwi."

"Ami, mwenyewe alisema..."

"Nimekwita utafsiri. Sikukwita utoe rai."

Nikatafsiri. Ulimi wangu ndio uliosema hapana. Tulimzika kaka na figo zake zote mbili, nami nikarudi kutoka makaburini nikimchukia ami. Kila Idi nilimbusu mkono huku moyoni nikimtakia mabaya. Ningemfanya nini zaidi, mzee aliyenilea?

Miaka ikapita. Ami, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto, akaanguka nyumbani kwake Hail, damu ikavujia ubongoni, ubongo ukafa. Safari hii daktari alikuwa mwengine, lakini swali ni lile lile. Mkewe alikuwa amejiinamia, analia.

"Jibu wewe, mwanangu," aliniambia. "Wewe ndiye damu yake."

Daktari akaniuliza kama mzee aliwahi kueleza anataka nini. Aliwahi sana. Ijumaa nyingi, akishanawa mikono, alituusia: "Mimi nnataka nizikwe mzima. Asinitie mtu kisu."

Nikamjibu daktari kwa Kiingereza kwamba mzee alikuwa akitamani kutoa, tena kila kitu. Kisha nikatia saini.

"Umemwambiaje?" aliuliza mkewe.

"Nimemwambia alivyokuwa akitaka."

Akanivuta, akanibusu kipaji cha uso, akaniombea radhi za Mungu. Sikuona haya. Nilifurahi, na mpaka leo ninafurahi.