Nilimpa Mjukuu Wangu Unga wa Gravelia

Mimi ni mwongo, tena mwongo mzee. Nimeanzia hapo kabla hamjanionea huruma.

Miaka mingi nimeuza dawa ya magoti na viungo vilivyovimba, hapa Kitale na soko ya Myanga. Ni gome la mti unaota msituni, huko juu ya Saboti. Mama yangu ndiye alinionyesha.

Sasa chekeni. Magoti yangu mwenyewe yalivimba! Mlima ukanishinda. Mama wa dawa ya magoti anachechemea kama kuku amekanyagwa! Ningemwambia nani? Nikabandua gome la gravelia, mti huu tunapanda mpakani mwa shamba wa mbao na kuni, nikaponda, nikauza.

Watu wa Myanga wakarudi: "Mama, imenisaidia sana!" Walisifu mpaka nikaamini. Nikaanza kuinywa! Magoti yakabaki vile vile, nikalaumu magoti.

Halafu mjukuu wangu, anasomea mambo ya dawa chuo kikuu, akaniomba dawa yangu akaipime. Ati wanachukua chembe za damu zinazopigana na magonjwa, wanazichokoza mpaka ziwake kama kiungo kilichovimba, kisha wanazimwagia dawa waone kama zitatulia. Akataka pia tawi lenye majani, wajue ni mti gani.

"Unamshuku kukhu wako, nyanya yako mwenyewe?" nikamfokea.

Akaacha habari ya tawi, akabeba unga ule wa gravelia.

Chembe hazikutulia. Hata kidogo! Zile hazina adabu ya watu wa Myanga, hazijui kushukuru mama mzee.

Mjukuu akarudia, akarudia. Siku moja akanipigia akilia. "Kukhu, dawa yako ni nzuri, ni mimi naiharibu. Mwalimu amesema niiache, nitafute mti mwingine nianze upya."

Na mimi, mjinga mimi, nikamjibu, "Jikaze bana! Labda hukuchemsha vizuri."

Uwi! Hiyo ndiyo inanichoma kuliko gravelia yenyewe.

Alipokuja nyumbani nikaona vile amekonda, nikasema yote. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Kwa hivyo ile ya ukweli haijawahi kupimwa?"

"Haijapimwa."

"Na mwalimu ameshaikataa."

Akachukua mkoba wake. Siku hizi akipiga simu ananiuliza habari ya mvua, basi.

Nilienda Myanga nikawaambia wateja pia. Mzee mmoja akanikatiza: "Wacha mchezo, mama. Si uniwekee ile ya siku zote!"

Nimekataa kumwekea. Lakini nilirudi nikiwaza. Mimi ni mkali, kila mtu anajua. Walinisifu kwa sababu wananiogopa, na mjukuu hakunidai majani kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hivyo wewe mama mkali unayesoma hapa, usifurahi ati hakuna mtu anakupinga. Jiulize kwanza ni nani nyumbani kwako anaweza kukuambia umekosea na bado akapewa chai.