Maboksi Manane ya Fundi

Nilikabidhiwa maboksi manane, kila moja limefungwa kwa nailoni ya kiwandani. Miaka zaidi ya kumi baadaye, mwenyewe alipotuma mtu kuyafuata, nilikuwa na boksi moja tu la kumpa. Mengine saba nilikuwa nimeyafungua, nikaunganisha vilivyokuwa ndani, nikavipaka rangi na kuvipanga kwenye rafu sebuleni kwangu, Nyakakika. Hakuna aliyeniruhusu. Jambo hili nimelisimulia mara nyingi kwa vipande, na kila aliyenisikiliza alibaki na kipande chake. Hapa naliandika lote.

Vita vilipokwisha, mwishoni mwa miaka ya sabini, niliajiriwa kuwa mtunza stoo katika karakana ya hospitali moja ya misheni wilayani Karagwe. Stoo ilikuwa na rafu nyingi na vipuri vichache. Siku nyingine kazi yangu yote ilikuwa kuandika kwamba hakuna. Fundi mkuu alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, mtu wa makamo, mpole, aliyezungumza Kiswahili polepole na kwa usahihi kuliko baadhi yetu tuliokulia kwenye Kinyambo, lugha ya kwetu. Kila siku baada ya kazi, saa kumi, alikuja stooni na boksi lake, akakaa kwenye meza yangu kwa sababu dirisha la stoo lilikuwa kubwa kuliko yote ya karakana.

Ndani ya boksi kulikuwa na gari. Lilikuja likiwa vipande vya plastiki, vingine vidogo kama punje ya ulezi, vyote vimeshikamana kwenye fremu. Kazi ilikuwa kuvikata, kuvisugua na kuviunganisha kwa gundi, mpaka upate gari kamili lenye urefu wa shubiri moja au zaidi kidogo. Magari aliyoyapenda yalikuwa ya zamani, ya aina moja tu: ya mashindano ya kukimbia mstari ulionyooka. Yalikuwa marefu na membamba, magurudumu ya nyuma makubwa kama ya trekta, ya mbele kama ya baiskeli ya mtoto, na injini iko wazi, mabomba yake yamechomoza kila upande. Nyuma kulikuwa na kifurushi cha mwavuli wa kupunguza mwendo.

Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa haachi kuingia kuangalia.

"Fundi, linakwenda wapi hili?"

"Mbele tu."

"Mpaka wapi?"

"Mita mia nne. Kama kutoka hapa mpaka darajani."

"Halafu?"

"Linasimama."

"Na abiria wangapi?"

"Hakuna. Dereva peke yake."

Dereva akanigeukia mimi. "Bwana Stoo, huyu mzee anatutania. Sisi dizeli tunapimiwa kwa kikombe, wao wanachoma mafuta mpaka darajani na kurudi!"

"Halirudi," alisema Fundi bila kuinua kichwa. "Linavutwa."

Dereva alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, gari lolote la hospitali lililoharibika njiani aliliita la mashindano.

Mimi sikucheka sana. Nilikuwa naangalia mikono. Fundi alikata kila kipande kwa wembe wa upasuaji, hakukivunja kwa vidole. Alijaribisha vipande viwili bila gundi, akavitenganisha, akasugua tena, akajaribisha tena. Gundi ilikuja mwisho kabisa, tone dogo kwenye ncha ya kijiti. Baada ya miezi kadhaa aliniachia magurudumu, kisha viti, kisha injini nzima. Nilipokosea hakunirekebisha. Alinipa wembe, akageuka kuangalia dirishani mpaka nilipomaliza kubandua.

Mkataba wake ulipokwisha, mizigo ya ndege ilipimwa. Magari mawili aliyokwisha kuyajenga aliyafunga ndani ya shati. Maboksi manane ambayo hayajafunguliwa hayakuingia. Alinisaidia kuyafunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yangu.

"Nitunzie," alisema. "Nitarudi, au nitatuma mtu."

Nilimpa mfuko wa kahawa ya kutafuna, tuliyoichemsha na kuikausha nyumbani, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mazungumzo yetu yaliishia hapo. Hakusema nisifungue. Nami sikuuliza.

Mwaka wa kwanza yalikaa juu ya kabati. Mwaka wa pili, wakati wa mvua, bati lilivuja na mchwa wakapanda ukutani mpaka kwenye kona ya boksi moja. Siku ya jua niliyatoa yote nje, nikayapanga kwenye mkeka kando ya kahawa iliyokuwa ikikauka. Jirani yangu alipita. Alikuwa mzee aliyehamia kutoka Rwanda zamani akiwa kijana. Alichuma kahawa kwenye vibanja vya watu, yaani mashamba ya migomba na kahawa, na nyumbani kwake alifuga ng'ombe wawili wa mtu wa Nyabiyonza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaanika nini? Kahawa ya Kizungu?"

Nilimweleza. Akainama, akagonga boksi kwa kidole.

"Umekabidhiwa lini?"

"Huu ni mwaka wa pili."

"Na hujafungua hata moja?"

"Ni ya mtu, mzee."

"Na ng'ombe wangu ni wa nani? Si ni wa mtu? Mwenyewe akija akute nimewafungia zizini miaka miwili, sijawakamua, mbolea imejaa mpaka magotini, atasema mimi ni mwaminifu? Atasema nina kichaa."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze. Mtu akikukabidhi ng'ombe, ng'ombe anabaki wake. Lakini maziwa unakunywa wewe, samadi unamwaga kwenye migomba yako, na akizaa mara kadhaa unapewa ndama mmoja. Usipomkamua umemdhuru, na umemdhuru mwenyewe pia. Hakuna anayeyaandika haya popote, na mtoto wa darasa la pili anayajua.

Mke wangu alikuwa akigeuza kahawa kwa reki. "Mzee, ng'ombe anazaa. Hayo yatazaa nini?"

"Yatazaa sifa, mama. Na mume wako ataacha kukaa barazani Jumapili akiangalia barabara."

"Hapo umesema."

Nilifungua boksi lililoliwa na mchwa siku hiyohiyo. Ningeweza kusema mzee ndiye aliyenishawishi, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Gundi iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa imekaukia kwenye tyubu. Nilikata vipande vya ile fremu isiyo na kazi, nikaviloweka kwenye tina ya kuyeyushia rangi mpaka vikawa uji. Uji huo ulishika vizuri kuliko gundi yenyewe, lakini mara ya kwanza niliuzidisha tina na mlango wa gari ukalegea kama mshumaa kwenye jua. Niliuacha hivyo. Mpaka leo gari hilo lina mlango uliobonyea, na wageni hudhani lilipata ajali kwenye mashindano. Rangi nyekundu nilipewa na dereva, masazo ya ule msalaba wa gari la wagonjwa. Brashi niliitengeneza kwa singa za mkia wa ng'ombe wa jirani. Picha za kubandika ubavuni zilitaka kulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, na bakuli lililofaa lilikuwa moja tu, la ugali wa jioni, jambo lililozungumzwa nyumbani kwa wiki nzima.

Nilijenga gari moja kwa mwaka, wakati mwingine chini ya hapo, Jumapili baada ya ibada. Watu waliotoka kanisani Kanoni walikatiza kwangu kuona. Mzee jirani alikuja na kigoda chake, akakaa kama anayehudhuria baraza. Kila gari lilipokamilika aliligeuza mkononi, akatafuta kasoro, akaipata.

"Hili gurudumu linaangalia Uganda."

"Ni macho yako, mzee."

"Macho yangu yanaona ng'ombe mgonjwa akiwa bado mlimani. Linaangalia Uganda."

Nilibandua gurudumu. Lilikuwa kweli limepinda.

Gari la saba lilipokwisha aliniambia kwamba sasa moja kati ya hayo, la buluu, ni langu, haki ya mtunzaji, kama ndama. Nilikubali kwa kucheka. Boksi la nane sikuligusa. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, lenye picha ya gari la rangi ya fedha, na nilijiwekea sharti kwamba hilo litabaki lilivyokuja, ili Fundi akirudi akute kitu chake jinsi alivyokiacha. Sikujiuliza kwa nini nilihitaji sharti kama hilo ikiwa sikuwa na kosa.

Katikati ya miaka ya tisini watu walimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, makambi ya wakimbizi yakajengwa, na barabara zetu zikajaa magari ya wageni. Moja lilisimama kwangu asubuhi ya Jumamosi. Alishuka mwanamke mrefu, mhandisi wa maji kwenye makambi, akanipa mkono na bahasha. Alisema anatoka mji mmoja na Fundi.

Mke wangu alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Nilifungua barua nikaisoma kwa sauti, kwa sababu mzee jirani alikuwa amekwisha kufika na kigoda.

Fundi aliandika kwa Kiswahili chake kilekile. Alisalimia kila mtu karakanani kwa zamu. Kisha akasema mwakani anastaafu. Yale maboksi manane alianza kuyakusanya akiwa kijana, na siku hizi hayatengenezwi tena. Hakuwahi kuyafungua kwa sababu alikuwa akingojea mikono yake ipate nafasi. Aliniomba nimkabidhi huyu dada, na akanishukuru kwa kuyalinda.

Mke wangu, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, aliacha kumenya. Mimi niliikunja barua, nikaikunjua, nikaikunja. Kisha nikamkaribisha mgeni ndani, nikamwonyesha rafu.

Alisimama pale muda mrefu. Alinyanyua lile jekundu, akaliweka, akanyanyua la buluu.

"Nani ameyajenga?"

"Mimi."

"Yote?"

"Saba. La nane hili hapa, halijafunguliwa."

"Ni mazuri sana," alisema, na nadhani alimaanisha. "Lakini sijui nimwambie nini."

Mzee aliingilia kati. Alimweleza habari za ng'ombe, maziwa, samadi na ndama, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa heshima na bila haraka. Mgeni alimsikiliza kama anavyosikilizwa shahidi mahakamani. Mzee alipomaliza, mgeni aliuliza jambo moja tu.

"Na mwenye ng'ombe anajua kwamba maziwa ni ya mtunzaji?"

"Kila mtu anajua," alisema mzee. Akakisogeza kigoda chake. "Kila mtu wa hapa."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipo. Halikuwa kwenye kufungua. Miaka miwili nilikuwa nimeishi na Fundi meza moja, nikajifunza jinsi anavyoshika wembe na jinsi anavyonyamaza, na siku ya kuagana nilichukua mali yake kwa sheria ya kwetu bila kumwambia kwamba ipo. Angejua, angeweza kukataa. Mzee naye aliona, maana alipoondoka alisahau kigoda chake.

Nilimwomba mgeni ayachukue yote manane. Alikataa.

"Aliniambia maboksi," alisema. "Hili ni boksi. Hayo mengine nitamuuliza kwanza. Akiyataka, nitarudi kuyachukua. Akisema ni yako, nitakuandikia."

Alipakia boksi la gari la fedha kwenye kiti cha mbele, akalizungushia kanga ya mke wangu ili lisiruke kwenye mashimo. Wiki iliyofuata nilimleta mpiga picha kutoka Kayanga, akayapiga magari yote saba yakiwa mstari mmoja barazani. Nilimpelekea mhandisi picha hizo pamoja na barua ya kurasa tatu, amtumie Fundi. Sikumtaja mzee ndani yake. Niliandika kwamba nilipenda kazi ile, kwamba nilidhani nina haki na sikuuliza, na kwamba mlango wa gari jekundu nimeuharibu mimi. Nilimwomba aniambie la kufanya.

Makambi yalifungwa na mhandisi akaondoka. Kabla ya kuondoka alipita, nusu saa tu, injini ikinguruma nje, akasema boksi alilituma salama, na barua yangu aliitia kwenye kifurushi hichohicho. Jibu alikuwa bado hajapata. Nimeandika mara mbili tangu hapo, kwa anwani iliyokuwa nyuma ya ile bahasha, na barua hazikurudi. Majibu hayajaja.

Mwanangu mkubwa alipooa aliniomba gari la buluu aliweke nyumbani kwake. Mama yake alisema nimpe, kwani mtu aliyenyamaza miaka yote hii ameshasema. Mwanangu alingoja mlangoni na gazeti la kulifungia. Nilimwambia arudi mwisho wa mwezi. Tangu hapo miisho mingi ya mwezi imepita, na bado sijui kama Fundi aliifungua barua ile.