Chumvi Hakimbilii Magodoro

Lorna Vasek ana kichwa kigumu. Mimi shemeji yake najua, maana kila Jumapili ya mechi ndiye ninayemshikia hatamu. Hapa Pueblo timu yetu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, inaitwa Wapandafarasi, na farasi wao ni Chumvi, mweupe pe, mali ya Lorna. Timu ikifunga, mzinga unalia, Chumvi, Lorna mgongoni, anakata uwanja kutoka mwisho hadi mwisho. Isipofunga, hatoki. Ndivyo alivyoanzisha marehemu baba yake Lorna, na kuna wazee hapa mjini wanaokuja uwanjani kwa ajili ya mbio hizo tu.

Mwaka jana tukaletewa Trent, meneja mpya wa matangazo, akiwa na shuka la farasi lenye jina la kampuni ya magodoro.

"Wakati wa mapumziko atakimbia na hili," akasema.

"Tukiwa tumefunga?" Lorna akauliza.

"Tufunge tusifunge, mama. Watu wa magodoro wamelipa."

"Basi wakalale. Huyu anakimbilia bao."

Jumapili hiyo tulikuwa tunachapwa vibaya, hatuna hata pointi moja. Mapumziko yalipofika, Trent akalitandika shuka mwenyewe mgongoni kwa Chumvi.

"Kimbia, au toka na usirudi," akamwambia Lorna.

Nikamnong'oneza Lorna, "Kimbia tu yaishe. Nani atajali?"

"Mimi," akasema.

Akalivuta shuka, akalikunja vizuri, akamkabidhi Trent, kisha akapanda. Geti la kutokea liko ng'ambo ya uwanja. Akamwelekeza Chumvi huko huko, katikati ya majani, kwa mwendo wa kutembea, mbele ya umati mzima.

Trent naye si mjinga. Akawaashiria watu wa mzinga waupige.

Mzinga ukalia. Chumvi, ambaye tangu utotoni amefundishwa kuusikia na kukimbia, akaruka mbele. Lorna akavuta hatamu kwa nguvu zake zote, akamwinamia shingoni, akawa anamsemesha. Farasi akasimama anatetemeka. Kisha akainua mguu, akaendelea kutembea.

Halafu mzee mmoja wa viti vya juu akapaza sauti: "Mwacheni atembee! Kwani tumefunga?"

Watu wakainuka, jukwaa baada ya jukwaa, wakavua kofia. Hata wageni waliokuwa wakituchapa walisimama. Nililia, na sioni haya kusema.

Tulichapwa mpaka mwisho. Wiki nzima simu za ofisi ya timu hazikupoa, watu wanauliza farasi wao yuko wapi. Ijumaa Trent akampigia Lorna, sauti imelainika.

"Jumapili utakuja?"

"Bila shuka."

"Bila shuka, sawa. Lakini atakimbia, siyo?"

"Hilo," Lorna akasema, "kawaulize wachezaji wako."