Fremu Niliyoivisha Mpira

Siku yangu ya kwanza katika stoo ya baiskeli ya hoteli moja ya Diani nilipewa ovaroli ya buluu iliyonipwaya mabegani, ufunguo wa kabati la vifaa, na onyo. Onyo lilitoka kwa Meneja wa Michezo, mtu wa bara, mfupi, mwepesi wa maneno. "Fundi, hapa si Msambweni. Hapa baiskeli ni ya mgeni. Mgeni akianguka, mimi na wewe tunaenda nyumbani." Nikamwitikia sawa, bwana mkubwa. Moyoni nilikuwa nikijichekea. Miaka kumi na tano nilikaa kando ya barabara kuu ya Msambweni nikitengeneza zile baiskeli nyeusi za chuma, zinazobeba gunia la nazi na mke juu ya gunia. Nani tena wa kunifundisha mimi fremu?

Nyinyi mnaoanza kazi leo mnatazama rangi kwanza. Sikulaumuni, lakini fremu ndiyo mifupa. Magurudumu, cheni na breki vyote hubadilishwa. Fremu ikifa, baiskeli imekufa. Sisi tuliipima kwa uzi. Unaufunga pale nyuma ekseli inapokaa, unaupeleka mbele, unauzungusha kwenye kichwa cha fremu, kisha unaurudisha kwa upande wa pili. Halafu unapima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti, kulia na kushoto. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana hata kwa unene wa njiti ya kibiriti, una kazi. Baada ya hapo unaligonga kila bomba kwa spana na kusikiliza. Bomba zima hulia, na lenye ufa hukoroma. Kwa mambo hayo mawili nilijulikana toka Msambweni hadi Jego, na sifa zilinipanda kichwani, sikatai.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya zile mvua za El Nino zilizozila barabara zote za ndani. Meneja aliletewa fremu moja ya baiskeli ya mlimani ili ijaribiwe. Hoteli ilitaka baiskeli kumi na mbili za namna ile, na ilikuwa imekubaliana na zahanati moja ya upande wa Kikoneni kwamba nusu ziende kwa wauguzi wanaozunguka vijijini kuchanja watoto. Ilitakiwa basi fremu ya kazi zote: imchukue mgeni asubuhi mchangani, na imchukue nesi na kasha lake la chanjo kwenye mashimo na makorongo.

Nilipoifunga magurudumu, niliipenda. Mbele ilikuwa na uma wenye springi wa kumeza mashimo. Nyuma haikuwa na springi yoyote, chuma kitupu, ngumu, na kwa mzigo hiyo ndiyo nyuma ninayoitaka, maana springi ukiitwika kasha hubonyea na baiskeli ikayumba. Mabomba yalikuwa manene lakini mepesi kunyanyua, na mishono ya kuchomelea ilikuwa safi, imepangika kama ushanga. Uzi ukasema imenyooka. Spana ikasema nzima.

Kulikuwa na jambo moja tu nisilolizoea. Bomba la juu lilishuka sana kuelekea nyuma, kwa hivyo mtu mrefu ilibidi aivute juu nguzo ya siti, yaani kile chuma kinachozama ndani ya fremu na kuibeba siti. Na kwenye nguzo ile palichongwa kistari. Nilikiona kwa macho yangu haya. Nikakichukulia kuwa alama ya kiwandani, nikakipuuza.

Meneja alinipa daftari. "Mwezi mmoja, fundi. Kila Ijumaa unaangalia kila kiungo, unaandika. Hiyo ripoti yako ndio itaamua. Umeskia?"

"Nimesikia, bwana."

Kabla hajaipanda mtu, niliivisha. Kwetu baiskeli mpya huvishwa: unakata chubu kuukuu, ule mpira wa ndani ya gurudumu, vipande virefu vyembamba, unavizungusha kwenye mabomba na kuvikaza ili rangi isichunike. Baiskeli isiyovishwa watu huuliza kama mwenyewe ameiokota. Basi nami nikaizungushia mpira toka kichwani hadi chini ya siti, mabomba na viungo vyote, ikawa nyeusi tititi. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikaridhika nayo kweli kweli.

Zahanati ilimtoa Nesi Mumbua kuwa mpandaji wa majaribio. Alikuwa mama wa Kikamba aliyeletwa Kikoneni na kazi, mrefu, mkimya, na aliyapenda mno matembezi yake ya vijijini. Alikuja Diani na pikapu ya zahanati, akapanda, akazunguka uwanja wa stoo.

"Magoti yananigonga, fundi. Niinulie kidogo."

Nikainua. Kistari kikatoka nje ya fremu.

"Bado."

Nikaongeza vidole viwili, akasema hapo ndipo. Kisha nikaibana keria ya kasha kwenye nguzo hiyohiyo ya siti, nikaikaza mpaka spana ikagoma. Akaondoka nayo ndani ya pikapu, akinipungia mkono.

Kila Ijumaa pikapu ilipokuja kuchukua dawa ilinishushia baiskeli. Niliipangusa vumbi, nikaangalia breki, nikatia grisi, nikapitisha kiganja juu ya mpira wangu, nikaandika: viungo vyote vizima. Ijumaa ya pili nikaandika hivyohivyo. Ya tatu pia, tena nikaongeza kwa kujishebedua kwamba fremu hii haina mfano. Mara tatu niliandika neno ambalo macho yangu hayakuliona. Hata kugonga kwa spana niliacha, maana juu ya mpira spana hailii.

Wiki ya nne baiskeli ililetwa Jumanne. Dereva akanieleza kwamba nesi ameanguka jana kwenye mteremko wa kuingilia Kikoneni, amevunjika mfupa wa bega, na chanjo zote zimemwagika. Nesi mwenyewe alisema alisikia kitu kikilia tak chini yake, siti ikalala nyuma, asijue tena lililofuata. Lakini Sista Mkuu wa zahanati alikuwa amesoma ripoti zangu, na baiskeli ilionekana nzima. Kwa hivyo aliandika barua kwamba Nesi Mumbua hawezi kuendesha, kwamba amepoteza chanjo kwa uzembe, na akipona atawekwa mezani kuandika kadi. Safari za vijijini atapewa mwingine.

Meneja aliisoma barua akaikunja. "Pole yake. Lakini imeandikwa, si sisi. Andika ripoti ya mwisho tumalize hii maneno."

Nilirudi stoo nikakaa na ile fremu. Nikaishika siti nikaivuta nyuma. Ikaja. Kidogo tu, lakini ikaja. Nikachukua wembe nikaanza kukata mpira. Pale bomba la juu linapokutana na bomba la siti kulikuwa na ufa uliozunguka karibu bomba zima, na ndani ya ufa kutu ya zamani, ya kahawia. Kutu hiyo haikuwa ya Jumatatu. Ufa ulikuwapo wiki ya pili, huenda hata ya kwanza, unakua polepole chini ya mpira wangu, nami napitisha kiganja juu yake na kuandika nzima. Na baada ya kukatika, ni mpira huohuo ulioshikilia vipande na kumfanya mwanamke wa watu aonekane mwongo.

Nitakwambieni ukweli. Kulikuwa na chubu nyingine pale msumarini. Kuivisha fremu upya ni kazi ya dakika kumi. Niliitazama chubu ile kwa muda ambao mpaka leo unaniaibisha.

Nikaibeba fremu hadi kwa Meneja. Nikamwonyesha ufa, na kile kistari ambacho sasa nilikielewa: ndiyo mwisho wa kuinua nguzo. Ukikipita, nguzo haizami vya kutosha, na kila shimo huwa kama mtu anayeling'oa bomba kwa mtaimbo. Nami nilikuwa nimekipita, kisha nikaning'iniza kasha papo hapo.

"Nani mwingine ameona?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi rudisha hiyo mpira. Hii ikitoka hapa, fundi, ni wewe utaenda nyumbani. Si mimi."

"Nitakwenda, bwana. Lakini nitapitia Kikoneni kwanza."

Nilipanda pikapu na fremu mapajani. Sista Mkuu aliipitishia kidole kwenye ufa, kisha akaagiza Nesi Mumbua aitwe. Alikuja mkono umefungwa kifuani. Nikasema mbele ya wote wawili kwamba sikutazama, niliandika tu, na kosa ni langu toka mwanzo hadi mwisho. Nilitaraji nesi anitukane. Akakaa kwenye benchi akalia, kisha akasema, "Fundi, mimi nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliota ile sauti."

Barua ilifutwa, akarudishiwa vijiji vyake. Mimi Meneja alinitoa stoo, akanipeleka bustanini kumwagilia maua. Fremu ya pili ilipoletwa, Sista Mkuu aliomba niijaribu mimi, pale zahanati, mbele ya macho yake. Niliiacha uchi. Nikaweka nguzo ndefu iliyozama vizuri, na keria nikaifunga chini, karibu na ekseli, mzigo ukae juu ya gurudumu. Msimu mzima wa masika niliitazama viungo kila Ijumaa, jicho karibu linagusa chuma. Haikupata hata mkwaruzo wa kutia shaka. Niliandika kwamba fremu inafaa, na inafaa kweli. Aliyekuwa hafai ni aliyeipima. Hayo yote niliyaandika. Zahanati ikanichukua kuwa fundi wake, nikafanya kazi hapo hadi magoti yaliponiambia nipumzike.

Vijana huja nyumbani wakiniuliza fremu gani ninunue, mzee, ya kubeba mizigo na kwenda kila mahali. Huwaambia watazame viungo, watazame mabomba, watazame nguzo inazama kiasi gani. Kuna zuri na baya katika kila moja, na nikianza kueleza sinyamazi.

Mfupa wa Nesi Mumbua uliunga vibaya. Tukikutana sokoni Msambweni hunipa mkono wa kulia, lakini huuinua kwa kuusaidia na wa kushoto. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka isiyopungua kumi na miwili. Hata hivyo shikamoo huitoa mimi. Mara ya kwanza alishtuka, akatazama huku na huku, akakataa kuitikia, akaniambia, "Usinifanyie hivyo, mzee, watu wanasikia." Nikamwambia nataka wasikie. Ilimchukua miaka. Siku hizi hunitazama kwanza usoni, kisha huitika marahaba.