Wimbo wa Yule Mwekundu

Shadrack alipiga kila muziki uliopita Lodwar. Watu walisema hivyo, na haikuwa sifa ya bure. Kuna wimbo mmoja tu alioukataa, na huo ndio mkewe Akeno alioutaka.

Ulikuwa wimbo wa ng'ombe. Kijana wa Kiturkana akipewa ng'ombe dume wa kwake humtungia wimbo, huuimba akiinua mikono kama pembe, na watu humwita kwa jina la ng'ombe huyo. Wa Shadrack alikuwa mwekundu, Loreng. Loreng alipokuwa ndama, Shadrack alimgonga pembe moja kwa jiwe, kama ilivyo desturi, ikaota imeinama mpaka karibu na jicho. Basi Shadrack akawa Apaloreng, baba wa yule mwekundu. Akeno alimwona kwa mara ya kwanza akiucheza wimbo huo. Alipoolewa naye hakumwita jina lingine.

Halafu wavamizi wakaja alfajiri, karibu na Kainuk. Walisomba mifugo yote ya boma. Shadrack alikuwa kichakani, amelala kifudifudi. Alisikia kengele ya Loreng ikishuka mtoni, ikavuka Turkwel, ikapotea. Tangu siku hiyo hakuinua mikono tena.

Mume na mke wakahamia Lodwar bila hata mbuzi. Akeno akawa anasuka vikapu vya majani ya mikoma. Shadrack akabatizwa, akapata hilo jina la Shadrack, akapewa ngoma ya kwaya. Mpiga kinanda alipohamia Kitale, kinanda kilikaa kimefunikwa kitambaa, hakuna aliyethubutu kukigusa. Shadrack alikifunua. Alijifunza kwa sikio, akikosea na kurudia, mpaka wazee wa kanisa wakazoea.

Mwaka wa tisini alikuwa tayari na gitaa. Jumamosi alipigia walevi hotelini, Jumapili alimpigia Mungu. Katekista alimwuliza anafanyaje mambo hayo mawili kwa vidole vilevile. Shadrack akamjibu kwamba huvinawa asubuhi.

Baadaye alikwenda Lokichoggio, ndege za misaada zilipokuwa nyingi. Marubani wazungu walitaka nyimbo za kwao, za wachunga ng'ombe wa huko. Akaziimba zote bila kujua neno hata moja. Siku moja mmoja wao alilia, na Shadrack akamwuliza mhudumu wa baa kama kuna mtu amefiwa.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipofunguliwa, akawa anakaa huko zaidi ya nyumbani. Alipiga ngoma na Wasudani kanisani. Alichezesha arusi za Wasomali. Anatole, Mkongo aliyekuja nyuma ya wengine, alimfundisha rumba upya. Alimwambia, "Papa Shadrack, gitaa yako inakimbia sana. Nani anakufukuza?"

Kila aliporudi Lodwar alimpigia Akeno muziki mpya. Akeno alisikiliza huku akisuka, kisha akauliza ni wa nani. Wa Wakongo, akasema Shadrack. Wa Wasomali.

"Na wako?"

Hapo Shadrack alianza kukaza nyuzi ambazo hazikulegea. Mara moja tu alimjibu. Alisema ng'ombe hayupo, amwimbie nani. Kumwimba ng'ombe aliyechukuliwa wewe ukiwa umelala chini ni kujichekesha mbele za watu. Lakini safari iliyofuata Akeno aliuliza tena.

Kisha Akeno akaugua. Ulikuwa uvimbe wa tumbo, ule unaoletwa na mbwa, ambao Turkana kila mtu anaujua. Alipasuliwa, akapona. Mwaka wa tisini na saba uvimbe ukarudi.

Mwezi huohuo, kambini, Shadrack alikuwa amekaa na Dut. Dut alikuwa Mdinka, mzee mwenzake, na kila jioni aliinua mikono mbele ya kibanda chake akamwimbia ng'ombe mweupe aliyebaki Sudan. Wadinka nao wana desturi hiyo. Shadrack alikuwa akimsindikiza kwa gitaa, na siku hiyo akamwuliza kama ng'ombe huyo bado yuko hai.

"Hapana. Yeye alikufa zamani," Dut akasema.

"Sasa unamwimba wa nini?"

"Yeye kufa. Mimi bado."

Shadrack alikuwa bado anayafikiria maneno hayo alipofika dereva wa lori na ujumbe: Akeno amelazwa, aje upesi. Alipanda lori hilohilo.

Wodini kulikuwa na joto na nzi. Akeno alikuwa amekonda sana, mkono mmoja una dripu. Alimtazama mumewe akiwa mlangoni na gitaa lake, akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Apaloreng. Umeniletea wa akina nani leo?"

"Wangu," Shadrack akasema.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza. Mistari miwili ikatoka. Wa tatu ukaja na sauti ya kwaya. Akarudi nyuma, akaanza upya, vidole vikampeleka kwenye rumba. Akasimama. Nyimbo zote za watu zilikuwa zimekaa juu ya ule wake, na kila alipochimba alitoa ya mwingine. Aliona kwamba amekawia mno, kwamba huyu mtu atakwenda bila kuusikia.

"Weka chini huo mti," Akeno akasema. "Ng'ombe hana nyuzi."

Shadrack akaliweka gitaa sakafuni. Akaimba kwa mdomo mtupu, akafika kwenye pembe ya kushoto iliyoinamia jicho, na Akeno akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ya kulia. Umeigonga mwenyewe kwa jiwe, halafu hujui ni ya upande gani?"

Kisha akaimba yeye. Sauti ilikuwa ndogo, lakini wimbo ulikuwa mzima wote: rangi, pembe, kengele, jinsi Loreng alivyokunywa akigeuza kichwa asilowe jicho. Miaka yote hiyo aliusuka pamoja na vikapu, kimoyomoyo. Shadrack akaufuata nyuma yake, neno kwa neno, akainuka, akainua mikono. Wanawake wa vitanda vya jirani wakaanza kuitikia. Nesi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Bibi mmoja akamwambia, bila kugeuka, "Mwanangu, ngoja ng'ombe avuke kwanza."

Akeno akauinua mkono wake usio na dripu. Pembe moja. Ya kulia.

Alifariki wiki hiyo. Kwaya iliimba, bendi ya hoteli ikaja na kusimama nyuma. Shadrack hakupiga chochote. Siku kadhaa alikaa ndani, na kilichomchosha si kimya. Ni kwamba watu wote waliokuja kumpa pole walimwita Shadrack.

Akarudi Kakuma. Jioni ya kwanza alikwenda kwa Dut bila gitaa. Alimwambia mkewe hayupo. Dut akamsogezea kigoda, wakakaa. Kisha Shadrack akainuka, akainua mikono, ule wa kulia akaukunja kuelekea jichoni. Akauimba wimbo mwanzo hadi mwisho.

Dut akauliza ng'ombe huyo alikuwa rangi gani, na nyumbani mwenye ng'ombe huyo walimwita nani. Shadrack akamwambia.

Dut akalijaribu hilo jina taratibu, likamshinda, akalijaribu tena.

"Apaloreng."

Shadrack akaitika.