Tellervo na Sauna ya Siku za Upepo

Katika jengo letu mjini Kajaani, hakuna aliyeipenda sauna ya pamoja, chumba cha kuogea mvuke wa moto, kama Tellervo Hakkarainen, mjane na mwalimu mstaafu wa kuogelea. Humo ndimo alimopumzisha mgongo wake, na humo ndimo alimopata watu wa kuzungumza nao. Urpo, mwenyekiti wa jengo, alitaka kuifunga.

Bei ya umeme wetu hufuata soko, ikipanda na kushuka kila saa. Majira ya baridi yale, Jumamosi jioni bei haikushikika: nchi nzima ilikuwa ikipika na kuwasha sauna. Nasi tuliwasha, kwa kuwa siku ya sauna ni Jumamosi tangu enzi za mababu. Bili ikatuelemea. Katika mkutano wa wakazi, Urpo akapendekeza chumba kile kiwe cha kuwekea baiskeli.

"Baiskeli haziumwi mgongo," Tellervo akamjibu. "Nipeni hadi theluji iyeyuke."

"Utafanya nini, mama? Utaliamuru soko?"

"Nitafuata upepo. Mitambo ya upepo ikizunguka sana, umeme unakuwa wa bwerere. Tutaoga siku hiyo."

"Hata Jumatatu?" Urpo akauliza, kama aliyetukanwa.

Wakamkubalia, wengine kwa kumcheka. Tangu hapo, kila alasiri bei za kesho zilipotangazwa, Tellervo alizikagua kwenye simu. Zikiwa chini, alitundika taulo jekundu kwenye roshani yake ili wote wajue.

Siku ya kwanza iliangukia Jumanne mchana. Tellervo alikaa peke yake kwenye joto, akiutazama mlango. Hatimaye ukafunguliwa. Alikuwa Raili, mke wa Urpo.

"Nimemwacha kanuna," Raili akasema. "Eti kuoga sauna Jumanne ni dhambi."

"Mwambie dhambi ya leo ni rahisi!"

Vicheko vyao vikasikika hadi ngazini, majirani wakaanza kushuka. Zamu ya wanaume ilipofika, Urpo naye akaja, amejitanda taulo hadi masikioni.

"Mtu asinitanie," akaonya. Wakamtania.

Theluji ilipoyeyuka, mkutano ukaitwa tena. Bili ya sauna ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Kabla hajaulizwa mtu, Urpo akanyoosha mkono. "Sauna ibaki."

Mikono yote ikafuata. Tellervo akasimama, uso unang'aa.

"Sasa mnakaa mnangoja nini? Upepo unavuma, na jiko la sauna nimeshaliwasha!"

Hakuna aliyekumbuka kuufunga mkutano.